Mlango Usio na Kibao

Jumamosi ya tarehe 11 Mei 1935, dalali wa hisa kutoka New York aitwaye Bill Wilson alikuwa akizungukazunguka katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower, mjini Akron, Ohio. Shughuli iliyomleta ilikuwa imeharibika, na upande mmoja wa ukumbi baa ilichangamka kwa vicheko. Upande wa pili palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Alikuwa ametimiza miezi mitano bila kugusa pombe, na aliamini kilichomweka salama ni kuzungumza na walevi wenzake, hata kama wao waliendelea kunywa. Akashika simu. Mchungaji mmoja akampa majina ya watu wa kuwapigia, naye akapiga moja baada ya jingine hadi akafika kwa Henrietta Seiberling. Kesho yake mama huyo akamkutanisha na Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa inamwangamiza. Smith aliahidi kukaa dakika 15 tu. Waliketi saa kumi na moja jioni, wakaachana saa tano usiku imeshapita.

Mlevi kumtafuta mlevi mwenzake halikuwa jambo geni. Aprili 1840, wanywaji sita wa Baltimore walikula kiapo cha kuacha pombe, wakiwa ndani ya baa waliyoizoea, na chama chao wakakipa jina la George Washington. Wao hawakuwa na haja ya kuulizwa wanakutana wapi, maana waliandamana barabarani na kusimulia aibu zao jukwaani mbele ya halaiki. Makelele hayo yaliwakusanyia watu kwa maelfu, kisha yakawaponza. Msemaji maarufu wa harakati hizo, John Gough, alirudia chupa mjini New York mwaka 1845, na magazeti yakala karamu. Kabla muongo huo haujaisha, chama kilikuwa kimesambaratika. Marekani ikaja kujaribu sheria, ikapiga marufuku biashara ya pombe kuanzia 1920 hadi 1933. Wilson alikunywa miaka yote hiyo.

Kwa hiyo kikundi kilichozaliwa na mkutano ule wa Akron kilirithi fumbo gumu: jinsi ya kujificha na bado kuonekana. Smith alikuwa na wagonjwa wa kupoteza, na wenzake walikuwa na kazi na wakwe. Kitabu chao cha mwaka 1939, *Alcoholics Anonymous*, kiliwapa jina lenye maana ya walevi wasiotajwa majina, na barua zikaanza kuingia katika ofisi ndogo ya New York. Wanachama waliokuwa wachuuzi wa kusafiri walipewa majina ya walioandika, wakawabishia hodi katika miji ambayo haikuwa na kikundi hata kimoja. Nakiri napenda sehemu hii kuliko zote: mtu anauza bidhaa mchana, jioni anaketi ukingoni mwa kitanda cha asiyemjua. Machi 1941, makala ya Jack Alexander katika *Saturday Evening Post* ikafungulia bomba, na wanachama wapatao 2,000 wakafika 8,000 hivi mwaka ulipoisha.

Mlango huo, hata hivyo, haukuwa wazi kwa kila mtu. Wanawake wa mwanzo walitazamwa kwa mashaka, na mwaka 1945 Wamarekani Weusi wa St. Louis na Washington walianzisha vikundi vyao wenyewe. Mwaka uliofuata kikaanza kikundi cha Dublin. Mwaka 1951 wake na jamaa za walevi wakajipanga chini ya jina Al-Anon. Mapokeo 12, yaani kanuni za vikundi, yaliyopitishwa Cleveland mwaka 1950 yaliweka sharti moja tu la uanachama, yaani nia ya kuacha kunywa. Yalikataza pia kujitangaza kwa jina magazetini na redioni, na hapo, nadhani, kisa cha Gough kilipata jibu lake baada ya miaka 105.

Wapo wanaokereka na habari za Mungu katika hatua 12 za kuacha pombe zilizomo katika kitabu kile cha 1939, na malalamiko yao si ya bure. Lakini mwaka 2020 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, ya tafiti 27, zenye washiriki zaidi ya 10,000, yaliona kwamba njia hii hulingana na tiba nyingine au huzipita katika kumsaidia mtu asinywe kabisa.

Huku kwetu hatua hizo zimepokewa kwa namna yake. Zanzibar, vijana waliokuwa wakitumia heroini walizifanya msingi wa nyumba zao, soba hausi. Nairobi na Dar es Salaam wanywaji nao wana mikutano, na siku hizi programu ya simu yenye alama ya kiti humwonyesha mtu mkutano ulio karibu. Ila kutotajana majina kuna tabu mahali ambapo mtu hujulikana kwa babu yake. Na kabla hujafika chumbani kuna geti. Mlinzi anakupa daftari na kalamu yenye kamba: jina kamili, namba ya simu, unakwenda kumwona nani.