Jaribio lililozaliwa ndani ya ndege

Wandugu, wengi wetu hapa Bunia tukimaliza programu, tunabonyeza huku na huku, tunaona inatembea, tunaipeleka. Kesho yake tunabadilisha mustari moja, kitu ingine inavunjika, na hakuna mutu anajua.

Mu mwaka 1997, Kent Beck na Erich Gamma, wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, walianza kuandika JUnit: programu inayopima programu zingine. Unaandika jibu unalongojea. Mashini inalinganisha yenyewe, kila mara.

Matunda yake yako karibu. OpenMRS, programu ya mafaili ya wagonjwa, ilianza kutumiwa Eldoret, Kenya, mu 2006. Majaribio yake ya JUnit yamepangwa yatembee juu ya hifadhidata ndogo inayoundwa ndani ya memori ya mashini, kisha inafutika. Faili ya mugonjwa wa kweli haiguswi. Kosa linalonaswa pale halifiki kwa muganga.

Siye tuliopita Ebola hapa Ituri, 2018 mpaka 2020, tunajua: namba moja ikiandikwa vibaya, nyuma yake kuko mutu. Basi tuanze na jaribio moja tu. Likishapangwa, halihitaji hata intaneti.