Akiba ya kompaila

Akiba ya kompaila ni faili ambazo kompaila huziweka kwenye diski baada ya kugeuza msimbo kuwa umbo linaloendeshwa na kompyuta, ili kazi isirudiwe pale msimbo usipobadilika. Ni kama udaga uliokwisha kukaushwa: anayesonga ugali Bunda haanzi kwa kung'oa muhogo shambani.

Ugumu uko katika kujua lini akiba imechakaa. Programu ya make, iliyoandikwa na Stuart Feldman mwaka 1976, hutazama saa: msimbo ukiwa mpya kuliko faili iliyotokana nao, hukompailiwa tena. Sasa chukua kompyuta kongwe ya mezani mjini Musoma ambayo betri yake ya saa imekufa. Umeme ukikatika, tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Marekebisho ya leo huonekana ya zamani, na make husema hakuna jipya. Mwanafunzi huhangaika na kosa alilokwisha kulirekebisha. Lugha ya Python hupunguza hatari hiyo: haiulizi kipi kimetangulia, huangalia kama saa na ukubwa wa msimbo ni vilevile vilivyoandikwa ndani ya faili yake ya akiba, .pyc. Lugha ya Go, na programu ya ccache ya Andrew Tridgell ya mwaka 2002, hupima maudhui yenyewe, na hiyo ndiyo njia ya kuaminika zaidi.

Akiba hufutwa bila hofu, mradi msimbo upo. Folda ya __pycache__ inayohifadhi faili za .pyc, iliyoanza na Python 3.2 mwaka 2011, hujijenga upya programu ikiendeshwa. Ccache hujiwekea kikomo cha GB 5 na kuondoa faili za zamani yenyewe.

Tahadhari kubwa ni kwa watumiaji wa Go. Amri ya go clean -cache hufuta matokeo ya kukompaili, na gharama ya kuyarudisha ni muda tu. Amri ya go clean -modcache hufuta maktaba zilizopakuliwa kutoka intaneti, na hizo hurudi kwa bando. Aliyeko Butiama akitegemea intaneti ya simu aanze na ile ya kwanza, na anapohamisha kazi ya Python kwa flashi abebe msimbo, aiache __pycache__ nyumbani.