Bomba Linalotoa Siri ya Tangi

Mimi ni fundi bomba wa Dar es Salaam, niliyeanza kazi enzi za mabomba ya chuma. Wito ninaoupata zaidi kuliko mwingine wowote ni wa ovaflo inayovuja, yaani bomba la kutolea maji ya ziada ya tangi: maji yanadondoka ukutani, rangi inabanduka, jirani analalamika. Mwenye nyumba huniomba nilizibe bomba hilo, au nilipeleke moja kwa moja kwenye chemba ya maji machafu lisionekane tena. Kazi zote mbili nazikataa, kwa sababu kulificha bomba hilo kulikwisha kujaribiwa London katika karne ya 19, na watu waliumia.

Wakati huo maji ya London yaliuzwa na kampuni nane za binafsi. Yalifunguliwa kwa saa chache tu kwa siku, mtaa baada ya mtaa, na Jumapili nyumba nyingi hazikupata hata tone. Sisi tuliozoea mgawo tunajua kilichofuata. Mwenye uwezo aliweka tangi, la mbao lililotandikwa madini ya risasi ndani, au la mawe ya sleti. Maskini walipanga foleni na ndoo zao kwenye bomba moja la uani.

Tangi lilihitaji kitu cha kulifunga likijaa. Kazi hiyo ilifanywa na boya: tufe la shaba lenye uwazi ndani, lililofungwa kwenye mkono wa chuma. Maji yakipanda, boya linapanda nayo na mkono unaikaza valvu. Lakini shaba ilitoboka, boya likanywa maji likazama; ngozi iliyoziba valvu nayo ililika. Kwa hiyo mafundi walitoboa tangi karibu na ukingo na kuweka bomba la kutolea maji ya ziada. Katika nyumba nyingi waliliunganisha moja kwa moja na mfereji wa maji taka.

Ukuta ulibaki mkavu, mwenye nyumba akaridhika. Lakini maji yalipotea usiku kucha bila mtu kujua, na njia hiyo hiyo ya kushukia ikawa njia ya hewa ya mfereji kupandia hadi kwenye maji ya kunywa. Madaktari waliilaumu hewa hiyo kwa homa ya matumbo. Kimelea chenyewe kilikuja kuelezwa mwaka 1880, na leo tunajua kwamba kinasafiri katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Hata hivyo, waliposhikilia kwamba maji ya kunywa yasiunganishwe na maji taka, walikuwa sahihi.

Mwaka 1871 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya maji ya London. Mwishoni mwa mwaka huo huo Edward, mrithi wa kiti cha ufalme, aliugua homa ya matumbo nusura afe, na suala la mabomba ya majumbani likawa gumzo la taifa. Kanuni zilizotokana na sheria hiyo zilipiga marufuku bomba la ziada la kujificha. Tangi liliruhusiwa kuwa na bomba la onyo tu, na mdomo wake ulitakiwa kuwa mahali ambapo mkaguzi wa kampuni angeyaona maji yakidondoka. Kampuni zilikuwa na maslahi yao: nyumba nyingi zilitozwa kwa kadiri ya thamani ya jengo, bila mita, hivyo maji yaliyopotea yalikuwa hasara ya muuzaji.

Waingereza walipotawala Tanganyika walikuja na ujenzi wao. Katika nyumba za zamani za Upanga na Oysterbay nimekuta vipande vya bomba la onyo vilivyotokeza ukutani, juu ya njia anayopita kila mtu. Mji ukakua. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulianza 1959, Ruvu Chini ukafuata 1976, na bado mgawo ukabaki, kwa hiyo matangi yakazidi kupanda juu ya mapaa. Maji mara nyingi huja usiku kwa nguvu, valvu iliyochoka ikashindwa kuyazuia, watu wakiwa wamelala.

Ukiona ovaflo inadondosha, panda ufungue mfuniko. Inua mkono wa boya. Maji yakikatika, literemshe boya kidogo ili valvu ifunge mapema. Yasipokatika, badilisha washa inayoziba valvu, au valvu nzima. Litikise na boya: likisikika lina maji ndani, limekwisha. Mdomo wa bomba uwekee wavu kuzuia mbu, na uuache wazi mahali unapoonekana kutoka mlangoni.

Siku hizi maji yanapimwa kwa mita, na kila tone linalopotea unalilipia wewe. Mkaguzi wa kampuni hatakuja kuangalia ukuta wako. Kazi yake umeirithi wewe, na huwezi kuifanya kama bomba la kukuonya umelizika kwenye chemba.