Kitufe cha ‘Sport’ kwenye gari: Kinabadilisha nini hasa?

Ukibonyeza ‘Sport’, gari linaamka. Lakini kwa magari mengi, nguvu ya injini inabaki ileile. Kinachobadilika ni hiki:

Mafuta: Ukikanyaga kidogo tu, gari linachomoka.

Gia: Zinachelewa kupanda, injini inanguruma na unywaji wa mafuta unaongezeka.

Usukani na shokapu: Usukani unakuwa mzito. Kama shokapu ni za kielektroniki, zinakaza na gari halilali sana kwenye kona.

Kuzuia utelezi: Hapa ndipo pa kuangalia. Mfumo huu hupunguza nguvu ya injini au kushika breki kwenye tairi linaloteleza. Kwenye Subaru zenye SI-Drive, kuuzima kuna kitufe chake, mbali na S#. Lakini kwenye BMW kadhaa, Sport+ yenyewe inauregeza, hivyo matairi yanateleza zaidi kabla kompyuta haijaingilia.

Taa ya gari linaloteleza ikimulika-mulika, mfumo uko kazini: punguza mwendo. Ikibaki imewaka na neno ‘OFF’, umezimwa.

Kumbuka, ‘Sport’ haiongezi mshiko wa matairi. Mvua ikinyesha au barabara ikiwa ya vumbi, rudi ‘Normal’.