Watu wa Nyumba Moja katika Sheria za Maskini za Uingereza

Sheria za Uingereza za kuwatunza maskini na wazee zimesumbuliwa muda mrefu na swali moja: ni nani walio watu wa nyumba moja?

Katika nyumba za maskini zilizoenezwa kwa sheria ya mwaka 1834, baba aliyeingia aliingia pamoja na mkewe na watoto wake, na akitoka alitoka nao. Jamaa ilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Lakini wakiisha kuingia, mume alipelekwa upande wa wanaume na mke upande wa wanawake. Mwaka 1847 ndipo ilipoamriwa kwamba wazee waliopita miaka 60 wasilazimishwe kutengana, ijapokuwa vyumba vya kuwaweka pamoja vilikuwa haba. Daftarini walikuwa wamoja, kitandani mbalimbali.

Sheria ya pensheni ya wazee ya mwaka 1908 iliwapa waliotimiza miaka 70, wenye pato dogo, hadi shilingi 5 kwa juma. Kwa mume na mke waliokaa nyumba moja, pato la kila mmoja halikuweza kuhesabiwa chini ya nusu ya pato lao wote wawili. Hivyo kukaa pamoja kukapata hesabu yake ya fedha.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mmoja akiingia makao ya wazee kwa kudumu, ndoa haiguswi. Lakini kwa mafao yatolewayo kwa kupima pato, kila mmoja huhesabiwa peke yake. Akienda kwa muda tu, kwa kawaida usiozidi majuma 52, wangali watu wa nyumba moja. Mara nyingi mgawanyo huu humfaa aliyebaki, kwa kuwa pato la mwenziwe halihesabiwi tena kuwa lake, wala nyumba anayokaa haitiwi katika mali ya kulipia matunzo.

Je, wakiingia wote wawili makao yale yale, wakalala chumba kimoja? Mwishoni mwa karne ya 20 iliamuliwa katika rufaa kwamba wenzi wa namna hiyo hawakuwa watu wa nyumba moja, kwa sababu hawakuwa na nyumba ya kuiendesha wenyewe. Naona uamuzi huo ni mkali, lakini una mantiki. Kwa mfasiri una taabu yake: katika sensa zetu kaya ni watu wakaao na kula pamoja. Wazee hao hula meza moja kila siku, na sheria yasema hawana kaya.