Mizani ya Pamba na Madai ya Haki: Historia ya Kumfundisha Mtoto Nyumbani

Mzazi anayetaka kumsimulia mtoto habari za watetezi wa haki mara nyingi huanza na Martin Luther King wa Marekani au Nelson Mandela wa Afrika Kusini. Si vibaya, kwa kuwa majina hayo yanastahili heshima, lakini mtoto anayekulia Shinyanga au Geita anayo historia ya aina hiyo karibu na nyumbani kwao. Mwaka 1955, mwaka ule ule ambao watu weusi wa Montgomery, Marekani, walianza kususia mabasi ya mji wao, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliunganisha vyama vyao na kuunda shirikisho moja. Aliyewaongoza alikuwa kijana wa miaka thelathini, Paul Bomani. Makala haya yanasimulia harakati zile kwa mfuatano wa miaka, na katika kila hatua yanampa mzazi jambo la kufanya pamoja na watoto jioni au wakati wa likizo.

Tuanze na chanzo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kilimo cha pamba kilipanuka haraka Usukumani, na pamba ikawa njia kuu ya mkulima kupata fedha za kodi, nguo na ada ya shule. Lakini mkulima hakuwa na sauti katika biashara hiyo. Ununuzi na uchambuaji wa pamba ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara binafsi, wengi wao wakiwa na asili ya Kihindi. Mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyesoma uzito, na ndiye aliyeandika hesabu. Mkulima asiyejua kusoma alipokea alichoambiwa. Malalamiko ya kupunjwa yakaenea vijijini, na hayakuwa na mahali pa kupelekwa.

Hapa mzazi asimamishe hadithi. Achukue fimbo, aifunge kamba katikati, na aning'inize kopo kila upande, ili ipatikane mizani. Mtoto mmoja awe mkulima, mwingine awe mnunuzi, na mnunuzi aruhusiwe kuficha kijiwe chini ya kopo moja. Baada ya mauzo mawili au matatu mkulima atahisi kwamba anapunjwa, lakini hataweza kuthibitisha. Ndipo aulizwe: utafanya nini? Akisema atagomba na mnunuzi, aambiwe kwamba mnunuzi mwenzake wa jirani naye ana mizani yake. Akisema ataleta mtu wake wa kupima upya, basi amefika mwenyewe mahali ambapo wakulima walifika. Mzazi aeleze pia kwamba kosa halikuwa katika kabila au rangi ya mnunuzi. Kosa lilikuwa katika mpango uliompa mtu mmoja mizani, kalamu na fedha kwa pamoja, bila mwingine wa kumkagua.

Bomani alizaliwa mwaka 1925 katika eneo la Musoma. Katika miaka ya 1940 alifanya kazi ya hesabu kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, kisha akahamia Mwanza na kuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika. Elimu hiyo ya vitabu vya hesabu ndiyo iliyokuwa silaha yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ushirika huo uliweka wapimaji huru katika vituo vya kununulia pamba, nao walipima mzigo wa mkulima kabla haujafika kwa mnunuzi. Wakulima walilipia huduma hiyo kwa hiari kwa sababu waliona faida yake siku hiyo hiyo. Mwaka 1952 kikaundwa chama cha wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, mwaka 1953 vyama vya msingi vikaanza kununua pamba, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 karibu pamba yote ya jimbo ilipita katika mikono ya ushirika, nao ulimiliki viwanda vyake vya kuchambulia, maarufu kwa jina la majineri.

Kwa nini ushirika ulikua haraka hivyo? Wapo wanaosema jibu liko katika mila. Wasukuma walikwishazoea kulima na kuvuna kwa makundi, na vijana wa kijiji, basumba, walikuwa na umoja wao na kiongozi wao waliyemchagua. Wengine wanasema sifa ni ya serikali ya kikoloni, iliyokuwa na sheria ya vyama vya ushirika tangu mwaka 1932 na wataalamu wa kuvisajili. Maelezo yote mawili yana ukweli, ila hayatoshi. Mila ya kusaidiana ilikuwapo miaka mingi kabla ya 1950, na sheria ilikuwapo kwa takriban miaka 20 bila kuzaa ushirika mkubwa wa pamba kando ya ziwa. Kilichoongezeka ni dhuluma iliyoonekana kwa macho, pamoja na viongozi waliojua namna ya kuipima na kuiandika.

Wakati huo huo madai ya haki za kisiasa yalikuwa yakipanda. Mwaka 1945 Mtemi Kidaha Makwaia wa Busiha, Shinyanga, na Mangi Abdiel Shangali wa Machame walikuwa Waafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, lakini waliteuliwa na serikali, hawakuchaguliwa na watu. Kijijini nako amri zilizidi: mkulima alilazimishwa kutengeneza matuta ya kuzuia mmomonyoko, kupunguza mifugo na kulipa kodi ya ng'ombe. Chama cha siasa cha TANU kilipoanzishwa Julai 1954, wanaharakati wa Mwanza kama Saadani Abdu Kandoro walikuwa miongoni mwa waasisi. Kabla ya mwaka huo kwisha, serikali ikakataza matawi ya chama hicho Usukumani.

Serikali ilieleza kwamba inalinda amani. Wana-TANU waliona kwamba inaogopa umoja wa watu katika eneo lenye wakazi wengi na zao lenye fedha nyingi. Matukio yaliyofuata yanaupa nguvu mtazamo wa pili, kwa kuwa marufuku hayakuzima madai. Wanachama wa ushirika waliendelea kukutana kwa ajili ya pamba, wakajifunza kuendesha mikutano, kuchagua viongozi na kudai hesabu, hata pale ambapo neno TANU halikuruhusiwa kutajwa jukwaani.

Mgogoro ulipasuka Geita mwaka 1958. Serikali ilileta baraza jipya la wilaya ambamo Wazungu na Waasia, waliokuwa wachache mno wilayani, wangekaa pamoja na Waafrika. Wananchi hawakushirikishwa vya kutosha, na wengi walihofia kwamba viti hivyo vingekuwa mlango wa kuwapokonya ardhi. Watu wa Geita wakafunga safari kwenda Mwanza kupeleka malalamiko kwa mkuu wa jimbo. Mwezi Julai polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi, na baadhi yao wakakamatwa. Serikali ilidai kwamba kulikuwa na wachochezi. Ni kweli kwamba walikuwapo watu waliopanga na kuhamasisha, lakini uchochezi pekee hautoshi kuwatoa wakulima shambani na kuwavusha ziwa. Hasira ya matuta, mifugo na kodi ilikuwa ya miaka mingi, na baraza lile liliipa jina na tarehe. Mwishowe serikali iliachana na mpango huo Geita.

Kwa hatua hii mpe mtoto karatasi achore ramani ya Geita, Sengerema, ghuba ya ziwa na Mwanza. Leo Daraja la J. P. Magufuli, lililofunguliwa mwaka 2025, linavuka maji hayo kwa takriban kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi. Mtoto aambiwe afute daraja hilo katika ramani yake, kisha aeleze angevukaje, angekula nini njiani, na angesema nini mbele ya mkuu wa jimbo. Kama kuna babu au bibi aliyekuwa hai miaka ile, mtoto aandike maswali matatu na kwenda kumuuliza.

Mwezi huo huo wa Julai 1958 Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, alikuwa mahakamani Dar es Salaam kwa makala iliyowakosoa wakuu wa wilaya wawili. Mwezi uliofuata alitiwa hatiani, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Kisha ukaja uchaguzi wa kura tatu, uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, ingawa Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8 na Wazungu takriban 20,000. Bomani akaingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kuchaguliwa. Marufuku ya TANU Usukumani yaliondolewa, na mwaka 1960 Bomani akawa Waziri wa Kilimo, baadaye Waziri wa Fedha na balozi nchini Marekani. Alifariki mwaka 2005.

Mzazi asiishie kwenye ushindi, maana mtoto anastahili historia nzima. Ushirika uliojengwa ili kuzuia kupunjwa ulipata nao viongozi wabadhirifu. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati ya kuuchunguza, mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchini kote, na mwaka 1982 sheria ikaviruhusu tena. Funzo ni kwamba anayeshika mizani lazima akaguliwe daima, awe mgeni au ndugu.

Funzo hilo halijapitwa na wakati katika nchi ya pamba na dhahabu. Mwaka 2007 Jaji Mark Bomani, mdogo wake Paul, aliteuliwa kuongoza kamati iliyochunguza sekta ya madini, na ikafuatiwa na Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Machi 2019 soko la kwanza la madini nchini lilifunguliwa Geita, ili mchimbaji mdogo apimiwe dhahabu yake hadharani na kwa bei inayojulikana. Basi, mzazi, msimu wa pamba ukifika mpeleke mwanao kwenye chama cha msingi kilicho karibu. Msimamishe mbele ya mizani, mfundishe kuisoma, na mzoeshe kuuliza kwa adabu kwa nini namba iliyoandikwa kitabuni ni ile na si nyingine.