KUAMINIANA NDIYO DHAMANA YETU: HISTORIA FUPI YA KUWEKA NA KUKOPESHANA

Kikundi chetu kimefika mwaka wa kumi. Wenzetu wameeleza humu habari za hisa na mikopo. Sisi tumepewa kazi ya kueleza jambo hili lilianzia wapi na linahusiana vipi na imani yetu ya Kikristo. Itabidi tuanzie mbali kidogo, Ujerumani.

Huko alizaliwa Friedrich Wilhelm Raiffeisen mwaka 1818. Waliohudhuria semina za ushirika wamekwisha kulisikia jina hilo. Alikuwa Mkristo wa Kiprotestanti, tena askari, lakini ugonjwa wa macho ukamtoa jeshini. Mwaka 1845 akawa meya wa Weyerbusch, mahali pa wakulima maskini. Mwaka uliofuata mavuno yakaharibika, na baridi ya 1846 kuingia 1847 ikaja na njaa kali. Serikali ilileta unga, ila kwa sharti kwamba uuzwe kwa fedha taslimu. Jamani, mwenye njaa atatoa wapi taslimu? Raiffeisen akawapa maskini kwa mkopo. Akawaomba wenye nacho wachange, nafaka ikanunuliwa, likajengwa tanuri la mkate, na watu wakapata mkate kwa bei nafuu.

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld. Huko adui alikuwa riba. Mkulima asiye na ng'ombe alikopa kwa wafanyabiashara, na riba ikapanda hata ng'ombe akaondoka, pengine na shamba pia. Mwaka 1849 Raiffeisen alianzisha chama. Wenye uwezo waliweka dhamana, wakulima wakapata ng'ombe, wakawa wanalipa kidogo kidogo.

Baadaye, huko Heddesdorf, mwaka 1854 alianzisha chama cha huruma kilichosaidia maskini, kikawaangalia watoto yatima na hata waliotoka gerezani. Kazi njema kabisa. Lakini ilitegemea moyo wa matajiri, na baada ya miaka michache wakaanza kuchoka.

Hapo ndipo penye somo. Mwaka 1864 Raiffeisen aliugeuza mpango. Anayetaka kukopa sharti awe mwanachama, na wanachama wote wadhaminiane kwa mali zao. Wawe watu wa sehemu moja wanaojuana. Viongozi wasilipwe mshahara, isipokuwa mtunza hesabu. Faida isigawanywe, iwekwe akiba ya chama. Benki ziliwaona watu hawa hawana kitu. Yeye aliona wanacho: jirani anamjua mchapakazi ni nani na mlevi ni nani. Kuaminiana kukawa dhamana.

Macho yake yalizidi kufifia, hata binti yake Amalie akawa anamsaidia kuandika. Alifariki mwaka 1888, lakini mbegu ilikwisha kumea. Mwaka 1900 Alphonse Desjardins alianzisha chama cha namna hiyo huko Lévis, Kanada. SACCOS zetu za Afrika Mashariki ni matawi ya mti huo.

Sasa tujitazame. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa kina mama watatu. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Huo ni uaminifu wa kuonekana kwa macho, si wa maneno. Mwenzetu akiugua tunakwenda kumtazama, tunachota mfuko wa jamii, na tunamwongezea muda. Lakini deni halifutwi, maana dawa ya deni ni kulipa, na fedha ile ni jasho la mama mwingine. Hata unga wa Weyerbusch ulitolewa kwa mkopo. Huruma haimfanyi mtu kuwa ombaomba, inamsimamisha.

Tuseme na hili wazi. Mwaka huu yamesikika maneno kwamba mtaji umekua, basi hisa ipandishwe, na wale wa genge la nyanya na wajane watafute kikundi kingine. Ndugu zetu, kumbukeni sisi tulianza na shilingi ngapi. Dorkasi wa Yafa hakuwachagulia wajane, aliwashonea nguo kwa mikono yake. Tukiwafungia mlango walio chini, tutabaki na sanduku zito lakini kikundi hakitakuwepo, na wao watarudi kwa wakopeshaji wa riba, kama wakulima wale wa Flammersfeld. Tunapendekeza hisa ibaki pale pale, na kila mwanachama wa zamani amshike mkono mpya mmoja na kumdhamini.

Kwa wafadhili wetu: Msaada tunaouomba ni mafunzo ya kuandika daftari za hesabu, ili siku mkichoka kama walivyochoka matajiri wa Heddesdorf, sisi tuendelee.



Mwenyekiti wa Kikundi